Milango Minne ya Uani kwa Mama

Mtaani kwetu Kariakoo, ukipanda juu ya paa la ghorofa lolote ukatazama chini, ungeona zege, mabati, matangi ya maji, halafu kipande kimoja cha udongo. Kile kipande kilikuwa uani kwa mama. Nilihesabu, nikarudia, maana mimi ni mtu wa sokoni na hata macho yangu siyaamini mpaka niyakague. Kilikuwa kimoja tu.

Si kwamba alikosa wa kumshauri aweke sakafu. Mimi mwenyewe, muuza mabeseni na ndoo, niliwahi kumpelekea mafundi niliokwisha kuwabana bei mpaka wakanionea huruma. Mama akawapa chai, akawarudisha.

"Hapa ndipo alipooshewa baba yako," akaniambia.

Nilikuwa najua. Siku ya msiba wa baba, wazee walichimba ufuo pale karibu na mgomba: kile kishimo cha chini ya kitanda cha kuoshea maiti, ili maji yazame ardhini, yasitiririke yakakanyagwa na watu. Kisha wakafukia. Tangu siku hiyo mama alipafagia kila asubuhi, taratibu, kama mtu anayemtandikia mwenzake aliyelala.

"Na mimi mtanichimbia papo hapo," alikuwa akisema, kwa sauti ileile aliyonielekezea alikoweka chumvi.

Kisha manispaa ikaja na utaratibu mpya. Mvua ikinyesha Kariakoo ilikuwa haina pa kwenda. Maji yalikuwa yakiingia madukani kama wateja, ila hayanunui. Kwa hiyo ikaamriwa: anayejenga aonyeshe udongo wa kunywa maji ya paa lake, na mwenye kuacha udongo wazi apunguziwe kodi ya jengo.

Akaja kijana wa manispaa na futi yake ya kuvuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutubomolea?"

"Hapana mama. Nimekuja kukupongeza."

Mama akanigeukia. "Umesikia? Napongezwa kwa kutofanya kitu."

Jirani wa nyuma yetu, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kilimanjaro ambaye mtaa mzima tunamwita Mangi, alikuwa anapandisha ghorofa lililomeza kiwanja chake chote. Hakubakisha hata pa kupanda mchicha. Jioni moja alipitia mlango wa uani. Nyumba zetu za zamani ndivyo zilivyokuwa: kila jirani ana mlango unaofungukia uani kwa mwenzake, wanawake wapite kuombana moto na limau bila kuzunguka barabarani. Ghorofa zilipopanda, milango ile iliachwa palepale.

"Mama, nina shida. Nimekuja kuazima uani."

"Unauazima unaupeleka wapi?" nikamdakia.

"Siupeleki popote, dada. Bwana wa manispaa akija, namfungulia mlango wangu wa nyuma, namwonyesha udongo. Basi."

"Na maji ya paa lako?"

"Yatashukia huku. Sheria ndivyo inavyotaka. Ni maji kidogo."

"Maji ya ghorofa saba ni kidogo?"

"Ghorofa saba, dada, lakini paa ni moja."

Nikaanza kumbana. Achimbe shimo la kokoto. Atujengee msingi wa zege kwenye chumba cha mama, maana ukuta wake ulikuwa wa udongo na mawe. Nilikuwa nimeshamfikisha pazuri, anajikuna shingo, mama aliponikata.

"Huyu ndiye aliyefunga turubai kwenye msiba wa baba yako. Kinu changu anacho mpaka leo. Sasa udongo ndio nimnyime?"

Biashara ikafa hapo. Na kwa mama, ukimwazima jirani mmoja kinu umeuazima mtaa. Jirani wa kulia akaja, wa kushoto akaja, wote wakaitikiwa. Kijana wa manispaa akawa anaingia leo kwa mlango huu, wiki nyingine kwa mlango ule, kutoka barabara tofauti, na kila alipofunguliwa alikuta udongo. Safari ya mwisho aliganda akiutazama mgomba.

"Mama, huu mgomba kama nimeuona mahali."

"Migomba yote inafanana, mwanangu. Chai?"

Akanywa. Akapima. Sidhani kama hakujua. Lakini chai ya mama ilikuwa na tangawizi nyingi, na vibali vikatoka.

Masika yakaingia. Nilisimama mlangoni nikahesabu mabomba yaliyoelekezwa uani, nikarudia: matatu ya majirani, na letu la nne. Ardhi ilikunywa mwanzoni kama mgonjwa anayelazimishwa uji, kisha ikafunga mdomo. Maji iliyoyakataa ardhi yakanywewa na ukuta. Mchana mmoja, mama akiwa jikoni, ukuta wa chumba chake ulikaa chini. Haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa, kama mtu aliyechoka.

Mangi alikuja mbio, suruali ameikunja magotini, na ndoo alizochukua dukani kwangu dakika ileile. Alikuwa analia.

"Mama, nimekuua."

"Hujaniua. Umefuata sheria," mama akamjibu, akampa kanga ajifute uso.

Nikaenda ofisini kwa yule kijana.

"Yaondoeni yale mabomba."

"Dada, nikiyaondoa majengo matatu hayana kibali, na yana watu ndani."

"Basi turuhusu tumjengee mama chumba kingine hapo kwenye udongo, sehemu ndogo tu."

"Udongo ule haujengwi. Umeandikwa."

"Umeandikwa kwa nani?"

Akaangalia dirishani. "Kwa wote."

Mimi sijawahi kutoka dukani kwa bei ya kwanza. Siku ile sikuwa na cha kupandisha wala cha kushusha. Nyumba nayo ikatangazwa ni hatari, na mama akatakiwa kuhama.

Nikamchukua kwangu Ilala, ghorofa ya tatu. Chumba kizuri, sakafu ya vigae, dirisha lenye upepo. Hakulalamika. Ila kila mvua ilipogonga bati la jirani aliuliza: "Kule kumekauka?"

"Kunakauka, mama."

"Msije mkapasahau."

Alifariki wakati wa vuli, baada ya sala ya alfajiri, mkono wake mkononi mwangu. Sikungoja kulia, nilikwenda Kariakoo. Uani maji yalikuwa yamefika katikati ya muundi, mgomba umesimama ndani yake kama umepotea njia. Mangi akaleta pampu. Alivuta maji asubuhi nzima, akiyamwaga barabarani, nayo yakirudi kwa chini ya mlango. Wajomba wawili walijaribu jembe: kila walipochimba, tope lilifukia. Maiti haingojeshwi. Mjomba mkubwa akanishika bega, akasema tu, "Tumwoshee huko huko."

Tukamwosha bafuni kwangu, juu ya vigae. Shangazi alimimina, mimi nikasugua. Nilimwosha miguu, nikaiosha tena. Maji yalizunguka kwenye kile kitundu cha sakafuni, yakaingia, na ukutani nikayasikia yakishuka, ghorofa hadi ghorofa, yanaporomoka na maji ya watu waliokuwa wanaosha vyombo. Nikavuta beseni, moja la dukani kwangu, nikakinga yaliyobaki.

Wanaume walipokwisha kuondoka na jeneza, niliyamimina kwenye ndoo, nikaifunika kwa kanga yake, nikaenda. Mlango wetu wa mbele ulikuwa umepigiliwa mbao. Mangi alikuwa anarudi kutoka makaburini. Alinipitisha dukani kwake, katikati ya vitenge, akanifungulia mlango wa nyuma.

Niliingia kwenye maji mpaka karibu na mgomba. Nikainamisha ndoo pole pole pale mama alipokuwa anapafagia. Povu la sabuni likatandaa juu ya maji, likakaa. Nikasimama nikilingoja lizame.

"Dada," Mangi akaniita toka mlangoni, "njoo, utaugua."

Halikuzama. Lilielea likienda na maji, likapita chini ya mlango wa jirani wa kulia.