Korongo Walizunguka Kushoto

Zedekiah Amolo, seremala wa karakana ya reli, aliishi mtaa wa Jericho, Nairobi, na mkewe Roseline. Kila Jumamosi alitengeneza mbawa za glaida, ndege zile zisizo na injini, katika klabu moja nje ya Embakasi. Hakutaka ujira, aliomba afundishwe kuruka. Kufikia mwaka wa 1979 alikuwa akiruka peke yake, na wiki nzima aliranda mbao huku moyo wake uko juu.

Glaida hupanda kwa hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini. Mkondo wa hewa hiyo ni mwembamba kama kisima, na marubani huushiriki. Sharti ni moja: aliyetangulia ndiye anayechagua upande wa kuzunguka. Wanaofuata wote huzunguka upande huo huo.

Jumamosi moja ya Februari, akiwa angani, aliwaona korongo wakipanda kwa kuzunguka juu ya jaa la Dandora. Akaingia chini yao, akazunguka kushoto kama wao. Mara Naftaly, mwanachama tajiri, akaingia akizunguka kulia. Wakatazamana uso kwa uso. Zedekiah akainamisha pua ya glaida, akaiacha hewa ile, na ardhi ikamjia mbio. Alitua shambani upande wa Mowlem. Bawa likavunjika, lile alilolipiga gundi kwa mikono yake.

Jioni kamati ikakaa. Naftaly akadai yeye ndiye aliyetangulia.

"Nilitangulia mimi," Zedekiah akasema. "Niliwafuata korongo."

"Korongo nao ni wanachama?" mwenyekiti akauliza. Wakacheka.

Zedekiah akamgeukia Bedan, mwendesha winchi, mashine ya kuvuta glaida hadi ziruke, jirani yake wa Jericho. "Bedan, wewe ulikuwa chini ukitazama. Sema."

Bedan alikuwa akijifuta grisi vidoleni. "Jua lilinipiga machoni," akasema.

Zedekiah akafukuzwa klabuni papo hapo.

Kesho yake, baada ya kanisa, Bedan akabisha hodi. Roseline akampa chai.

"Nilizunguka upande gani, omera, ndugu yangu?" Zedekiah akauliza.

"Kushoto. Nilikuona tangu mwanzo." Bedan hakuinua macho. "Nina watoto watano, Zedekiah. Winchi ile ndiyo inawalisha."



"Kunywa chai, Baba Waruguru," Roseline akamwambia Bedan. "Imepoa."

Miaka ikapita. Wakikutana sokoni, Bedan alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na Zedekiah aliupokea. Lakini kila mara korongo walipopanda angani juu ya mabati ya Jericho, Zedekiah aliingia ndani akafunga mlango, akamwacha Bedan nje, peke yake, akitazama juu.