Filina na Kaburi la Matopeni

Filina alizaliwa Miusi siku ambazo bahari bado ilifika chini ya ukuta wa mji. Vyombo kutoka Mileto vilitia nanga karibu na lango, karibu kiasi kwamba wanawake wa sokoni na mabaharia walitukanana bila kupaza sauti. Baba yake alikuwa na mashamba ya chumvi ufukweni. Alipokufa, yakabaki mikononi mwa Filina na kaka yake, Mandrokle.

Lakini mto Meandro haukujua kupumzika. Kila masika ulishusha udongo wa bara na kuutapika kwenye ghuba, mpaka mdomo wa ghuba ukazibika na bahari ya Miusi ikageuka ziwa. Filina aliendelea kuyajaza maji mashamba yake na kungojea jua. Alipokwangua, alipata unga wa kijivu, mchungu kama nyongo.

"Filina, siku hizi unauza majivu?" wateja walimtania.

"Nunua, ukasugulie huo ulimi."

Waliondoka wakicheka, mikono mitupu. Kisha mbu wakaja kwa mawingu, na mbu wakaleta homa. Homa ilimchukua mume wa Filina kwanza. Kiangazi kilichofuata ikawageukia watoto, ikamchukua Kleito, binti yake wa pekee, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kufuma. Siku ileile alikufa Apaturio, mtoto wa Leukipo, mkubwa wa baraza la mji. Wanaume wenye nguvu ya kuchimba makaburi kwenye mwamba wa kilimani walikuwa wamelala vitandani wakitetemeka. Basi mtoto wa tajiri na mtoto wa mwuza chumvi wakazikwa ubavu kwa ubavu kwenye ardhi laini kando ya ziwa, haraka, bila hata mdoli wa udongo wa kuwasindikiza.

Tangu hapo Filina hakuwahi kukosa kupeleka maziwa na asali kaburini kwa Kleito. Mtoto asiyemiminiwa hukaa na njaa huko aliko, na huyu hakuwa na mtu mwingine.

Ndipo siku moja baraza likakubaliana na Mileto kwamba watu wote wa Miusi wahamie huko. Leukipo alisimama sokoni akatangaza kwamba mungu Dionisio atasafirishwa kwa heshima, na hata mawe meupe ya hekalu lake yatabomolewa na kupakiwa.

"Na wafu wetu?" Filina aliuliza.

"Wafu hawaugui homa, Filina."

"Nauliza nani atawamiminia."

"Wangu pia yuko kule, usinifundishe uchungu." Leukipo alitazama pembeni. "Anayefukua kaburi anaunajisi mji."

"Mji upi, mzee? Si ndio huu mnaoubomoa?"

Nguzo za mawe zilikuwa na nafasi kwenye mashua. Mifupa ya watoto haikuwa nayo. Ndivyo wakubwa walivyoamua, na watu wazima wenye akili zao wakainama kufunga mizigo.

Asubuhi ambayo mji mzima ulikuwa hekaluni ukivuta kamba, Filina alimshika Mandrokle mkono wakateremka ziwani na majembe na mtungi wa kutilia mifupa. Maji yalikuwa yamepanda tangu masika. Matope yalifika magotini, na mawe ya alama yalikuwa yamezama au kulala chali.

"Dada, nimekwangua chumvi maisha yangu yote," Mandrokle alisema akihema, "lakini leo ndiyo mara ya kwanza nachimba supu."

"Chimba tu, kaka."

Walisikia hatua nyuma yao. Alikuwa Nikareta, mke wa Leukipo, amejifunga nguo kiunoni, na jembe begani.

"Mumeo anajua uko hapa?" Filina alimuuliza.

"Anajua niko hekaluni napikia wabebaji. Ulidhani umezaa peke yako?"

Wakachimba pamoja. Maji yalikuwa yameula udongo uliotenganisha makaburi mawili, yakabaki shimo moja. Ndani yake walikuta mifupa midogo ya mtoto mmoja tu. Mwenzake ziwa lilikuwa limekwisha kumchukua.

"Apaturio alilazwa upande wa mlima," Nikareta alisema. "Huyu ni wangu."

"Upande wa mlima nilimlaza Kleito, kwa mikono yangu hii."

Kila mmoja alishika mfupa. Mandrokle aliipima mifupa kwa macho, lakini haikumwambia ni ya nani. Watoto wale walikuwa wa kimo kimoja. Walipokuwa hai, kila jioni walisimama mgongo kwa mgongo kubishana nani mrefu.

Filina alikuwa na maneno makali tayari mdomoni, juu ya mke wa mkubwa anayetaka hata mifupa hii. Kisha akaona kucha za Nikareta, zimevunjika na kujaa damu. Akausogeza mtungi katikati yao.

"Weka," akasema. "Na mimi naweka."

Waliuvusha mtungi ziwani ndani ya kapu la vitambaa. Mileto iliwapokea kwa dhihaka, ikawaita watu wa mbu, na mawe ya hekalu lao yakaingia kwenye kuta za watu wengine. Wanawake wale wawili walizika mtungi nje ya lango, mahali pasipo na mwenyewe, bila jina. Kila mwaka walikuja pamoja. Filina alimimina na kumwita Kleito, Nikareta akamimina na kumwita Apaturio, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Mwaka mmoja Nikareta aliugua, asije. Filina alikuwa peke yake na kaburi kwa mara ya kwanza. Akamwita binti yake kwa sauti kubwa, akarudia, akamimina maziwa. Mkono ukasita kabla hayajaisha. Kisha akainama akamimina yaliyobaki na kumwita Apaturio, maana huenda ndiye aliyekuwamo, na alikuwa na njaa.