Ng'ombe Hawatajwi Hesabu

Juzi nilikuwa stationery moja mjini Bariadi nikisubiri kutoa kopi. Kwenye kompyuta ya pembeni, kijana wa Nkololo mwenye stashahada ya mifugo alikuwa akifanyiwa usaili wa video, apate viza ya kwenda kufanya kazi kwenye shamba la ng'ombe Ulaya. Baba yake alikaa ubavuni, fimbo katikati ya magoti.

"Nyumbani mna ng'ombe wangapi?" akauliza dada wa wakala wa ajira kwenye skrini.

Mzee akakohoa. Kijana akainamia kibodi. "Wapo, dada."

"Wangapi? Wanataka kujua uzoefu wako."

"Wa kutosha."

"Taja namba, kaka. Bila namba viza hupati."

Kwetu Usukumani mtu hataji hesabu ya ng'ombe wake mbele ya mgeni. Mzee akaisogelea skrini. "Na huyo tajiri wenu mwenye shamba, anao wangapi?"

"Mia nne, mzee."

Mzee akasimama. "Twende zetu, ng'wanone, mwanangu. Mtu anayetangaza ng'ombe wake hivyo, mpaka ufike watakuwa wameshaibiwa."

Nikaitazama fomu yangu ya mkopo niliyokuja kuitolea kopi. Nilikuwa nimetaja kila nilicho nacho, hadi kuku.