Bega la Mbuzi na Meno Mapya

Sisi tuliokulia Nakuru tunajulikana kwa meno. Maji ya visima vyetu humpaka mtoto rangi ya chai ya rangi kabla hata meno hayajaota yote, na usugue mpaka uchoke, haitoki. Mama yangu alihamia huku akiwa mtu mzima, kwa hivyo yake yalibaki meupe na magumu. Yangu, nilipofika miaka hamsini na minne, yalikuwa yanamomonyoka kila nikila mkate. Na ukweli usemwe, mengine niliyamaliza mwenyewe kwa kufungulia soda.

Mwaka wa 2007 nikasema liwe liwalo. Daktari wa meno, Mhindi mpole aliyezaliwa hapa hapa mjini na mwenye meno ya kahawia kama yangu, aliyang'oa yaliyobaki, akanitia skrubu kwenye mifupa ya taya, juu na chini, kisha akafunga meno ya muda juu yake. "Sikiza, mzee," akaniambia. "Hiyo skrubu lazima ishikane na mfupa kwanza. Miezi mitatu, chakula laini tu. Ukitafuna nyama, inalegea, na mimi siwezi kurudisha. Sawa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Kuongea kulikuwa kumenishinda.

Wiki ya kwanza nililala nimeegemea mito mitatu, uso umefura, barafu imefungwa kwa taulo. Nilisukutua kwa maji ya chumvi kama nilivyoagizwa. Mke wangu alisaga kila kitu. Githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, ikisagwa, jamani, ina rangi ya simiti, na ladha yake haiko mbali. Majirani nao walikuja kunipa pole, na kwa vile hakuna anayekuja kwa mgonjwa mikono mitupu, mmoja alileta mahindi ya kuchoma, mwingine miwa, wa tatu njugu karanga. Nikawakasirikia wote, kimya kimya, kwa macho.

Lakini nilifuata masharti. Mwezi ukapita, uvimbe ukaisha, daktari akasema nyama ya fizi inapona vizuri kabisa. Nikaanza kujiangalia kwenye kioo cha gari. Meno meupe! Nilikuwa nacheka hata kwenye matanga.

Ndipo wakwe wakapiga simu kutoka Olenguruone. Kijana wao aliyekuwa akimposa binti yangu amepata kazi Juba, anaondoka mwezi ujao, kwa hivyo sherehe ya kukata bega la mbuzi, ile inayofunga ndoa kimila, iletwe mbele. Mimi nilikuwa nimeipanga baada ya miezi yangu mitatu. Sasa ingefanyika wiki ya sita.

Na shida ni hii: katika ukoo wetu, baba ya binti asipokula kipande cha kwanza mbele ya watu, ni kwamba amekataa. Hakuna mjadala. Mke wangu akaniambia niwaeleze wakwe mapema. Mimi? Nimwambie mtu nisiyemjua vizuri kwamba nina skrubu kwa mdomo? Kiburi changu hicho, Mungu anisamehe.

Siku ikafika. Hema limejaa, binti yangu amefungwa leso mpya, anang'aa. Kijana akakata bega, akanipa kipande kwa mikono miwili. Mbuzi mwenyewe alikuwa beberu wa umri wangu. Nikakishika, nikakitazama. Nikatabasamu. Nikakitazama tena.

Watu wakaanza kutazamana. Msemaji wa wakwe, mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya, akakohoa. "Wazee, mbona kama baba hali? Kama kuna neno, tuambiwe mapema, barabara ya kurudi Olenguruone ni mbovu."

Nikamwangalia binti yangu. Tabasamu lilikuwa limemtoka, na mimi hapo nikajichukia kabisa. Nikaamua nitatafuna, skrubu zilegee zikitaka. Nikafungua mdomo.

"Ngoja!" Ilikuwa sauti ya mama yangu, miaka themanini na kitu, anakuja na fimbo yake akisukuma watu. Akaninyang'anya nyama. Akaliambia hema zima, "Huyu ametengenezwa meno na daktari amemkataza kutafuna. Alikuwa anaona haya, mjinga huyu." Kisha akaitia nyama mdomoni mwake, akaitafuna taratibu kwa yale meno yake meupe, watu wakimtazama, ikawa laini kabisa. Akaitoa kwa vidole, akaniwekea mdomoni, kama alivyonilisha nikiwa mtoto mchanga.

Kicheko kilicholipuka! Mzee wa kofia ya manyoya alilazimika kuishikilia isianguke. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Lakini mama alikuwa bado ameinama karibu na sikio langu, na yeye hakuwa anacheka.

"Yale maji nilikuchotea mimi," akaninong'oneza. "Sikujua, mwanangu. Meza."

Nikameza. Macho yalinijaa machozi, nikasingizia moshi wa nyama.

Binti yangu akanirukia shingoni. Wanawake wakapiga vigelegele, wakinionyesha mimi kwa vidole, nikavihesabu: vitano. Kwetu, vitano hupigwa mtoto wa kiume anapozaliwa.