Fundi piano wa Harlem afungua mfuniko, akuta patupu

Saa tatu kasoro asubuhi, Lucius Treadwell anaweka mkoba wake sakafuni, anafungua mfuniko wa piano ya mgahawa wa Gaskins, hapa Harlem, na kuchungulia ndani. Anarudi nyuma hatua mbili. Anachungulia tena.

Ndani hamna kitu. Nyuzi hakuna, fremu ya chuma hakuna, na nyundo 88 za mbao zenye vichwa vya sufu, alizozihudumia kwa miaka 41, hazipo. Badala yake kuna kisanduku cheusi cha umeme kinachoiga piano, spika mbili na waya.

"Yesu wangu!" anasema fundi huyo mwenye umri wa miaka 73, kisha anaropoka neno ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika.

Renita Gaskins, 34, aliyerithi mgahawa kwa bibi yake mwaka jana, anatoka jikoni mikono imejaa unga wa kukaangia samaki. Uso umemchangamka.

"Umeshaiona? Nilitaka nikushtukize, Mzee Treadwell!"

"Umenishtukiza, mwanangu. Bado kidogo unizike. Nani amekushauri ujinga huu?"

Renita anamkodolea macho. "Si wewe?"

Hapo ndipo mzee anapokaa chini, kofia mkononi.

Mafundi piano wa mtaa huu wana mazoea yao. Kabla hawajashika chombo, kwanza wanakiponda. Ukishasema kimeoza, mwenyewe hatarajii miujiza, na kikilia vizuri sifa zote ni zako. Mara mbili kwa mwaka Treadwell alisimama mbele ya bibi yake Renita, Odessa, akamwambia: "Odessa, hii si piano, ni jeneza lenye meno. Itupe." Bibi akamjibu, "Tutatupwa pamoja. Anza kazi." Wakacheka, kazi ikaanza.

Watu wazima walijua ni utani. Mtoto aliyekuwa akifanya kazi za shule kwenye meza ya pembeni hakuambiwa.

"Nimekusikia tangu nikiwa darasa la tatu," anasema Renita. "Wewe ndiye fundi. Nisikuamini wewe, nimwamini nani?"

Wabebaji walikuja Jumanne wakaondoka na chuma. Nyuzi zilikwenda nacho. Lakini yale mambao, anakumbuka Renita, waliyaona hayana kazi wakayaacha chumba cha chini, karibu na mtambo wa kupasha nyumba joto. Mzee ameshafika ngazini kabla hajamaliza kusema.

Nyundo zipo, zimepangwa kwenye reli yake, kumi na moja zimevunjika. Treadwell anapiga magoti kwenye vumbi na kuwasha tochi. Analia bila kujificha.

"Njoo uone, kwa sababu bibi yako hakukuonyesha, wala mimi," anamwambia Renita. "Mafundi wengine hupiga sufu msasa ili iwe laini. Hizi sikuzipiga msasa, kwa hiyo kila mfereji uliochimbwa na nyuzi bado upo. Angalia upande wa besi zilivyochimbika. Alama hizi ni za watu wa straidi, jazi ya zamani, waliomfuata James P. Johnson. Mkono wa kushoto unaruka, besi, kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, besi, kodi, mpaka watu wachoke kucheza. Mpiga ngoma hakuna, mpiga besi hakuna. Piano ndiyo ilikuwa bendi nzima."

Anasogeza tochi katikati, penye mifereji myembamba iliyosongamana.

"Hapa wamekuja wa bibopu, jazi ya mbio, kina Bud Powell na walioiga. Sasa bendi ina ngoma na besi, kushoto kunachokoza tu, kulia kunakimbia. Na hapa sufu imelala, haikukatika. Hawa walisikiliza Bill Evans. Wanabonyeza kodi kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto."

"Wote hao walipiga hapa kwetu?"

"Hao wakubwa, sijui. Waliopiga hapa walikuwa makarani, wapishi, makondakta wa treni. Majina yao hayakuandikwa popote, Renita. Yameandikwa hapa."

Renita anajiziba mdomo kwa mikono yenye unga. "Mungu wangu. Nimefanya nini?"

"Tumefanya," anamsahihisha mzee.

Kinachomtisha sasa ni kwamba Odessa hakuwa mteja wake wa pekee. Zamani alikuwa na wateja 140. Leo wamebaki 26, wengi wao ni watoto na wajukuu wa wale aliozoea kutaniana nao. Wote ameshawaambia piano zao ni takataka.

Kwa nyundo hizi ana mpango: kutafuta piano nyingine ya kiwanda kilekile, ya mwaka uleule wa 1926, azifunge humo na kuirudisha kwa Gaskins. "Nikipewa miaka mitatu, nitaipata," anasema. Kwa wateja, anataka kuwapitia wote 26 wiki hii na kufuta maneno yake mlango kwa mlango.

Anaanza kwa simu, palepale ngazini. Watatu wa kwanza piano zao ziko salama. Wa nne ni Shemasi Hezekiah Boykin, wa kanisa lililo mitaa sita kutoka hapa.

"Shemasi, ile piano ya ukumbi wa chini bado mnayo?"

"Usiwe na wasiwasi, fundi," sauti inasikika kwenye simu, imejaa furaha. "Hatimaye tumekusikiliza. Wabebaji ndio wanaitoa mlangoni sasa hivi."

Treadwell anasimama. Mkoba anauacha, kofia anaiacha.

"Waambie waiweke chini!"

"Kwani si mbovu?"

"Haijawahi kuwa mbovu hata siku moja!" anapaza sauti mzee, na tayari yuko barabarani, anakimbia.