Mama Taipu na Thamani ya Cherehani

Saa moja na robo asubuhi, geti la mahakama limefunguliwa nusu, na Mama Taipu ameshaketi barazani. Anaivua taipureta yake kifuniko cha plastiki kilichopasuka, anapuliza vumbi kati ya herufi, anachomeka karatasi mbili na kaboni katikati. Siku nyingine watu humsubiri yeye. Leo yeye ndiye anayemsubiri mtu, na kila mara anainua shingo kuangalia njia.

"Leo nasahihisha kosa langu," anasema. "Asipokuja, sijui nitajiambia nini."

Ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka ishirini na sita amewapigia watu chapa hati za madai hapa nje. Hutoza shilingi elfu mbili kwa ukurasa. Siku njema hupata kurasa kumi; siku mbaya hurudi nyumbani na kaboni zake. Kwa kurasa hizo amesomesha mabinti wawili. Mtu akianza kulia katikati ya maelezo, huacha kugonga, humsukumia kikombe cha maji, na hujifanya anatafuta kifutio.

Kosa lilitokea mwaka jana. Mdarizi mmoja, mjane wa miaka sitini na kitu, alimjia na risiti ya cherehani yenye jina lake mwenyewe, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Shemeji yake alikuwa ameazima cherehani hiyo ya kudarizi kwa wiki mbili. Wiki mbili zikazaa miezi, na kila alipoulizwa, shemeji alijibu kwamba ni mali ya marehemu kaka yake.

Mahakama hii ndogo husikiliza madai ya mali isiyozidi thamani ya shilingi milioni mbili. Ikizidi hapo, ni mahakama kubwa, nayo iko mji mwingine, saa tano kwa basi. Risiti ilisema milioni mbili na laki tatu. Mama Taipu akaichapa vilevile.

"Niliona naipa mali ya mtu heshima yake," anasema. "Haikunijia kabisa kwamba risiti ni ya miaka kumi na moja iliyopita, na kinachotakiwa ni thamani ya leo. Mimi, na hati zote nilizochapa! Mazoea yana taabu, mwanangu."

Karani wa masjala naye akaipokea bila kutazama tarakimu. Miezi minane baadaye wakili wa shemeji akazitazama. Hakimu hakuwa na la kufanya: shauri likaondolewa kabla hata ya shahidi mmoja kusikilizwa. Nauli ya kwenda mahakama kubwa mdarizi hakuwa nayo, sembuse ada ya wakili. Alitoka nje, akamshukuru Mama Taipu kwa kazi nzuri, akaenda zake.

"Ile asante ndiyo iliyonimaliza," anasema Mama Taipu, na safari hii anatafuta kifutio kwa ajili yake mwenyewe.

Tangu hapo mdarizi anadarizi kwa mkono. Gauni lililokuwa likimchukua siku moja sasa linakula wiki, na wateja hawana subira hiyo. Mama Taipu alimtafuta hadi akampata, akamweleza kwamba madai yanaweza kufunguliwa upya, mradi fundi aandike thamani ya sasa.

Saa mbili kasoro, mdarizi anatokea. Mkononi ana barua ya fundi aliyeihudumia cherehani hiyo miaka yote. Hasalimii kwanza.

"Milioni moja na laki saba," anasema. "Mdogo wangu, fundi kaandika 'chakavu'. Cherehani yangu ni chakavu?"

"Dada, hiyo ni lugha ya karatasi."

"Marehemu aliibeba mgongoni kutoka stendi, akakataa kusaidiwa. Nikisaini hapa si nitakuwa namtukana?"

Mama Taipu anaigonga taipureta ubavuni, kwa upendo.

"Hii nikiipeleka sokoni leo watanipa bei ya vyuma chakavu. Lakini si unaiona inavyonilisha? Dada, hiyo bei ni ya kukupitisha mlangoni tu. Huko ndani unaenda kudai cherehani."

Mdarizi anaitazama tena barua. Machozi yanamtoka, kisha kicheko kinayafuata.

"Haya, andika chakavu. Ila uandike na kwamba inafanya kazi!"

Mama Taipu anaandika: chakavu, lakini nzima. Anapiga kurasa tatu na hachukui hata senti. Kisha anamshika mwenzake mkono hadi dirisha la masjala na kumwambia karani, "Baba, leo hesabu sifuri zote mbele yangu." Karani anazihesabu kwa ncha ya kalamu, mara mbili, na anagonga muhuri. Kesi itatajwa baada ya wiki tatu.

Mama Taipu ana mpango: kubandika ukutani karatasi kubwa itakayowauliza wateja thamani ya leo kabla hawajaketi. Mdarizi naye ana wake. Anakiinua kile kifuniko kilichopasuka kwa vidole viwili, anaguna, kisha anaanza kuipima taipureta kwa shibiri, urefu na upana.

"Cherehani ikirudi tu," anasema, "cha kwanza ni kifuniko chako. Chenye maua."

"Basi sinunui kingine," anasema Mama Taipu. "Nitasubiri hicho."