Kuku wa Chini ya Giaboksi

Huyu fundi wetu ana majivuno kuliko jogoo, ila mikono yake inamruhusu. Kila giaboksi anayoifungua, akimaliza huichonga kwa tindo unyayo mdogo wa kuku. "Wezi wanafuta namba ya injini," hujigamba, "lakini kuku wangu hawamjui!" Juzi kaja bwana mmoja na gari lenye namba mpya inayong'aa, anataka klachi. Fundi akaingia uvunguni akipiga mluzi kama kawaida yake. Kidole gumba kikapapasa chini ya giaboksi, mluzi ukakatika. Unyayo huo hapo! Gari la mkunga wetu, lililoibwa, na tangu siku lilipoibwa mama wa watu anawafuata wazazi kwa miguu.

Fundi akatoka anacheka. "Kaka, mashine hii! Kunywa soda, nikukagulie matairi." Akafungua moja, akafungua lingine, huku akimtania jamaa kitambi. La mwisho lilipotoka akayapanga, akayakalia, akapaza sauti hadi ng'ambo ya barabara anakokaa mkunga: "Mkunga! Njoo, mwanao kapatikana!" Jamaa akatoka mbio, chupa mkononi. Mkunga analia kwa furaha, fundi yeye analalamikia chupa yake mpaka leo.